Mume Wetu Yuko Kajiado

Msimu wa mavuno uliopita ulinikuta Ifakara, nikiwapikia vibarua wa mashamba ya mpunga. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nachochea moto chini ya sufuria la maharage, upepo ukageuka, ukaniletea harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni. Nyuma ya kibanda chetu, mama mmoja wa wale wafugaji waliohamia huko na ng'ombe wao alikuwa amepakata kibuyu cha maziwa, anakisugua kwa ndani kwa kijinga cha moto. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye mdomo wa kibuyu kama pumzi ya mtu siku ya baridi. Nikaacha mwiko, nikamfuata.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuuliza sijaacha, na katika miji niliyopita kuna watu wengi wanaonikumbuka kwa hilo tu. Nilimsalimu yule mama, nikamuuliza anatumia mti gani. Akasema ni mzeituni wa porini, ameubeba kutoka kaskazini kwa sababu huku hauoti.

"Kwani wewe wa wapi?" akaniuliza.

"Ngaramtoni."

Akaniangalia mdomoni. "Ngaramtoni gani? Mbona una meno yote?"

Nikacheka. Kisha nikaona siwezi kuendelea kucheka, nikarudi jikoni. Vibarua walikula maharage yaliyoshika chini siku ile, wakanisema vibaya. Nilikuwa mbali, kwenye nyumba ya Koko.

Kwetu bibi huitwa Koko. Jina lake halisi sitalitaja. Kwetu jina la mtu aliyekufa halitajwi, na ingawa mambo mengi ya kwetu nimeyaacha njiani, hili limebaki. Nyumba yake ilikuwa juu ya Ngaramtoni, upande ambao Mlima Meru unakukalia kichwani, na asubuhi nyingi hauuoni mlima wenyewe, unaona wingu tu na unajua uko ndani yake. Baridi ya kule inauma masikio. Kulikuwa na migomba, kahawa kidogo, mahindi na maharage, na ng'ombe wawili ambao Koko aliwaita Mchungaji na Mama Mchungaji. Baba na mama walikuwa Mererani kwenye machimbo, wakitafuta maisha, nami niliachwa kwake tangu nikiwa sijui kutembea.

Koko alikuwa mchekeshaji. Sisemi hivyo kwa namna watu wanavyowasifu marehemu. Watu waliokuwa na njia ya mkato kwenda sokoni waliiacha, wakazunguka ili wapite mbele ya nyumba yake. Jumapili, baada ya ibada, usharika wetu ulikuwa unatoka nje kufanya mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, kuku, mkungu wa ndizi, mayai, chupa ya maziwa. Siku moja Koko alisimama, akamkamata mkono kijana mmoja wa kwaya, mwimba besi, mtu mzima kabisa, akamvuta mpaka mbele ya meza ya mnada.

"Na huyu je?" alisema. "Ana afya, anaimba vizuri, hajaoa, mpaka leo anakula kwa mama yake. Nani ataanza bei?"

Mchungaji wetu wa usharika alishika tumbo kwa kicheko. "Mama, kanisa haliuzi watu."

"Siuzi, Mchungaji. Namtoa sadaka."

Yule kijana aliposimama pale akicheka kwa aibu, nilimwangalia Koko mdomoni. Zamani watoto wa kwetu walikuwa wanang'olewa meno mawili ya mbele ya chini, na Koko alikuwa na pengo hilo. Alipokuwa anatania, ncha ya ulimi wake ilichungulia penye pengo kama mjusi kwenye ufa wa ukuta, ikarudi ndani. Hakuna aliyekuwa ameiona ila mimi, kwa sababu kimo changu kilinifanya niwatazame watu wazima kutokea chini. Nilipomuuliza, hakukataa.

"Ukiona ulimi," alisema, "usiamini hata neno moja. Usipouona ulimi, fanya haraka unachoambiwa."

Ikawa ndiyo sheria kati yetu.

Kama mabibi wengi wa nchi hii, aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, lete kuni." "Mke mwenzangu, umelala mpaka sasa, unadhani mume wetu ametuoa tuje kulala?" Kila mtu aliyekua na bibi ameyasikia maneno hayo. Shida yangu ni kwamba aliyaanza kabla sijajua kuusoma ulimi, yakaingia kichwani pamoja na jina langu na habari kwamba moto unaunguza. Nilijua mimi ni mtoto wa darasa la kwanza na nilijua nimeolewa. Sikuona kinachogongana hapo.

Nikauliza mume wetu yuko wapi.

"Yuko Kajiado," alisema Koko. "Amekwenda kununua ng'ombe."

"Mbona harudi?"

"Bahili yule. Bado anabishana bei."

Ulimi ulichungulia, ndiyo, nikaona. Lakini nilidhani ulimi ule unahusu ubahili tu, kwamba mume wetu si bahili sana kama anavyosemwa. Habari ya Kajiado, huko ng'ambo ya mpaka, niliipokea nzima. Ndani, karibu na mafiga, kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu ambacho hakikaliwi na mtu, na Koko alikipaka samli mara kwa mara mpaka mbao yake ikawa nyeusi na laini kama ngozi. Kilikuwa cha mume wetu. Nani angekipaka samli kigoda cha mtu asiyerudi? Na kwa kuwa aliyekufa hatajwi, hakuna mtu mzima aliyewahi kusema mbele yangu neno ambalo lingenirekebisha.

Nilimwogopa mtu yule, tena nilimngoja. Nilipanga nitakavyomwambia kwamba sina ugomvi naye, ila ningependa kwanza kumaliza shule. Nilimuuliza mwalimu wa Sunday school kama mtoto wa darasa la kwanza anaruhusiwa kuachika. Mwalimu alimpelekea Koko habari, na Koko alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akajifuta machozi kwa pindo la shuka, akaniambia, "Ukiachika, nani atanisaidia kumvumilia?"

Kisha meno yangu ya chini yakalegea. Yalitoka yote mawili karibu wakati mmoja, yale yale ya mbele. Koko aliyarusha juu ya bati, akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Haya! Sasa umekuwa mtu wa kwetu."

Nikawa na pengo kama lake na ulimi wa kupenya humo. Sijui kama nimewahi tena kumiliki kitu nilichokipenda vile. Siku za soko tulishuka Ngaramtoni na maziwa, yeye na kibuyu mgongoni, mimi na vikombe, na watu walitusubiri.

"Koko, haya maziwa hujayatia maji?"

"Muulize mke mwenzangu. Ndiye anayekamua."

"Maji aliyatia mume wetu kabla hajaondoka," nilisema, na ulimi wangu ukachungulia, na wa Koko ukachungulia, na sehemu ile yote ya soko, wauza vitunguu na wauza magadi na vijana wa bodaboda, ikalipuka kwa kicheko. Mama Neema, muuza vitunguu aliyekuwa rafiki wa Koko tangu ujana wao, alikuwa anapiga magunia yake kwa kiganja na kusema, "Hawa wawili wapelekwe redioni!"

Ilikuwa furaha yangu kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyotuponza.

Mambo yalianza kwenye kibuyu. Kibuyu cha maziwa husuguliwa kwa kijinga cha mzeituni kila kinapooshwa; moshi ndio unaoyatunza maziwa na ndio unaoyapa ladha. Kwa Koko kumimina maziwa kwenye kibuyu kisichofukizwa ilikuwa kama kumlaza mgeni chini bila ngozi. Asubuhi moja aliyamimina hivyo hivyo. Yaliharibika, tukayamwaga. Kesho yake alikifukiza, akakaa kidogo, akakifukiza tena, akakiweka, akakichukua na kukifukiza tena, kama mtu anayefanya kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilikuwa nimekaa karibu namwangalia mdomoni, nasubiri ulimi. Haukuja. Kijinga kilitoboa kibuyu upande wa chini, na harufu nzuri ya moshi ikageuka kuwa harufu ya kitu kinachoungua. Koko alikitazama kile kitundu. Aliingiza kidole, akakitoa, akaniuliza, "Nani amefanya hivi?"

Nikasema sijui. Niliona ni jibu salama.

Baada ya hapo nilianza kumchunguza. Alipoiita jioni asubuhi, nilimwangalia mdomoni. Alipoweka chumvi kwenye chai, alipovaa sweta langu mkono mmoja na kuniuliza kwa nini limepungua, nilimwangalia. Ulimi ulikuwa umekaa ndani. Kwa hiyo nikapata jibu, na kwa akili yangu ya wakati ule lilikuwa jibu zuri sana: Koko ameacha utani. Amekuwa mzee sasa, ameamua kuwa mtu wa kusema kweli tu. Kila anachosema kuanzia sasa ni kweli, na ninatakiwa kufanya haraka ninachoambiwa.

Nilimwambia Shangazi Ruth kwenye simu. Shangazi ndiye binti mkubwa wa Koko, alikuwa fundi cherehani Lemara, mjini, na Jumamosi moja moja alikuwa anatupigia kupitia simu ya jirani.

"Shangazi, Koko hatoi ulimi siku hizi."

"Hatoi nini?"

"Ulimi. Hatanii tena."

Alicheka kicheko kile kile cha mama yake. "Jana tu amemwambia jirani kwamba mimi bado nipo darasa la nne na nimechelewa kutoka shule. Hatanii? Wewe humjui bibi yako."

Wiki haikupita, Shangazi akaja. Alikuwa amesuka nywele ndefu za kahawia na amevaa viatu vya kisigino ambavyo udongo wetu ulikuwa umeshavishika. Koko alitoka mlangoni, akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Karibu mgeni. Mwenye nyumba hayupo."

Huo ulikuwa utani wake wa siku zote kwa watoto wake wanaotoka mjini. Shangazi aliweka mkoba chini, akashika kiuno. "Shikamoo, jirani wa mwenye nyumba. Atarudi saa ngapi?"

"Sijui. Kaa huko huko nje."

"Nina njaa, mama yangu!"

"Basi nenda kwa mama yako."

Akafunga mlango, akaweka komeo. Nje Shangazi alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anamwita jirani aje asikie. Ndani palikuwa na giza la moshi. Koko alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo. Aliinama mpaka sikioni kwangu.

"Nani yule mwanamke?" alinong'ona. "Anataka nini kwetu?"

Nilimwangalia mdomoni, na mwanga mdogo uliopita kwenye ufa wa mbao ulinionyesha pengo tupu. Nikasikiliza kicheko cha nje. Nikafikiri, kama Koko siku hizi husema kweli tu, basi yule si Shangazi Ruth. Nikaenda kulishika komeo pamoja naye. Watu wawili, tumelikamata komeo, na nje mtu anafurahi kuliko siku zote.

Mwishowe Shangazi alipita dirishani, na Koko alipomwona akipanda na sketi yake ya mjini akamtambua ghafla, akasema, "Ruth, umefundishwa na nani kuingia hivyo?" Wote wakacheka, hata Koko. Baadaye nilimwona mara nyingi akicheka huku macho yakizunguka, kama mtu anayecheka na wenzake jambo ambalo hakulisikia. Siku hiyo ndiyo niliona mara ya kwanza. Sikuwa na maneno ya kulieleza. Ninayo sasa, na hayana kazi.

Halafu ikaja siku ya soko ninayotaka kuisimulia.

Asubuhi Koko alikuwa amevaa shanga zake za Krismasi. Kigoda kilikuwa kimepakwa samli mpya, kinang'aa.

"Leo anakuja," alisema.

"Nani?"

"Mume wetu. Anakuja na basi la kutoka Namanga. Nawa uso."

Nikautafuta ulimi. Haukuwepo. Niliosha uso, miguu, na nyuma ya masikio, sehemu ambayo sikuwa naiosha kwa hiari. Koko alijitwika kigoda, tukashuka. Maziwa hatukuyabeba. Tulipita soko lote bila kuamkia mtu, tukaenda kukaa kando ya barabara ya Nairobi, Koko kwenye jiwe, mimi chini, na kigoda mbele yetu, kikitazama kule mabasi yanakotokea.

Vijana wa bodaboda walituona mapema.

"Takwenya, Koko!"

"Iko," aliitikia salamu hiyo ya kwetu bila kugeuka.

"Leo mnamsubiri nani?"

"Mume wetu. Anatoka Kajiado."

Walifurahi kweli. Wakaitana. "Amemaliza kubishana bei? Na akija na ng'ombe, Koko, tumpakie yeye kwenye pikipiki au tumpakie ng'ombe?"

"Nyamazeni. Sitalisikia basi."

Hilo nalo likawa utani, bora kuliko yote, kwa sababu alilisema bila kutabasamu. Watu wakaacha meza zao wakaja kuangalia. Niliona wanakosea, nikasimama.

"Anakuja kweli!" nilisema. "Mtazameni Koko mdomoni. Hana ulimi! Mkiona ulimi ndiyo anatania. Leo hana!"

Kicheko kilichotoka kilikuwa kikubwa mpaka punda wa muuza magadi akashtuka. Mmoja wa wale vijana alikuwa anafuta machozi. Nilijaribu tena. Niliapa kwa jina la Mungu, ambalo Koko alikuwa amenikataza kuapa kwalo, na mtu akasema, "Mtoto amemzidi bibi!" Kila nilichosema kiliingia kwenye mchezo. Nilikuwa nusu ya redio yao. Hakuna anayeiuliza redio kama inasema kweli. Mtu alituletea chai na mandazi, kwa upendo. Walitupenda, hilo sina mashaka nalo hata leo. Kila basi lilipotokea kwenye kona Koko aliinuka, akanyoosha shuka, akatazama kila anayeshuka usoni, akakaa tena, na kila alipokaa walipiga makofi.

Mchana ulipita. Mawingu yalishuka kutoka mlimani, mvua nyembamba ikaanza, ile ya kwetu isiyo na haraka. Watu wakaanza kufunga. Koko alivua khanga ya kichwani, akakifunika kigoda kisilowe. Nywele zake fupi nyeupe zikaanza kujaa matone. Mama Neema akaja amejitwika gunia lake, bado ana tabasamu la tangu asubuhi.

"Haya, shoga yangu, inatosha, umetuvunja mbavu. Twende nyumbani."

"Siwezi," alisema Koko. "Mtu ametoka safari, afike asikute mtu?"

Mama Neema akacheka. Kisha akaacha. Alitua gunia, akachuchumaa mbele yake, akamtazama usoni kwa muda, na mvua inamtiririka puani. Hakuwa anamtazama mdomoni, alikuwa anamtazama macho. Nadhani yeye ndiye mtu wa kwanza aliyemtazama macho siku ile.

"Dada," alisema taratibu. "Mzee wako tulimzika. Mimi nilikuwepo. Tulimzika pale kwenye migomba yenu."

Koko alimwangalia.

"Lini?"

"Zamani, dada yangu. Hata huyu mtoto alikuwa hajazaliwa."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Koko aligeuka kwangu, kama vile mimi ningemwambia kwamba yule mwanamke anatania, lakini ndiyo kwanza na mimi nilikuwa nasikia. Nilikuwa nimeosha nyuma ya masikio. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga, kuhusu shule. Koko alifungua kinywa, sauti ikatoka, ile ya wanawake wa kwetu msibani siku ya kwanza, inayopanda na kukatika. Alilia kama mtu aliyefiwa dakika ile, na kwake ilikuwa dakika ile. Mimi nikaanza kulia pia, si kwa kumwonea huruma. Nililia kwa ajili yangu. Mume wetu alikuwa amekufa. Tulikuwa wajane wapya wawili kando ya barabara, na wale vijana walikuwa wamesimama na kofia mkononi, hawajui waangalie wapi.

Mmoja wao ndiye aliyetupandisha nyumbani. Hakutaka kitu. Alibeba kigoda kifuani, kimefunikwa khanga vile vile.

Baadaye nilionyeshwa kaburi. Lilikuwa tuta la udongo lililoshuka chini, limemea magimbi, halina msalaba. Nilikuwa nachezea pale miaka yote. Nyumba zangu za matope nilizijenga juu ya mume wangu.

Shangazi Ruth alikuja kesho yake, safari hii na viatu vya kawaida. Walikwenda na Koko hospitali, wakarudi na vidonge na neno la daktari kwamba ni ugonjwa wa kusahau, unakwenda mbele tu, haurudi nyuma. Mimi nilidhani vidonge ni vya kurudisha ulimi. Nilikaa namsubiri baada ya kila kidonge.

Tulichokuwa hatujajiandaa nacho ni swali. Asubuhi Koko aliamka mzima, ameshasahau soko, mvua na kilio, akauliza, "Mume wetu amefika?" Shangazi alikuwa mtu wa kanisa na aliamini kwamba kweli ni kweli. Alimshika mikono akamwambia. Koko akaanza upya, kutoka mwanzo, lini, mbona sikuambiwa, na kile kilio. Jioni akauliza tena, Shangazi akamwambia tena, na akafiwa tena. Kesho yake alipouliza, Shangazi alikuwa anamimina chai. Mkono ukasimama hewani, chai ikajaa kikombe ikamwagika. Midomo yake ilikuwa inacheza tu. Nikaona mtu mzima ameshindwa kabisa, na hakuna mwingine ndani ila mimi.

"Yuko Kajiado," nilisema. "Bado anabishana bei."

Koko akaguna. "Bahili yule," alisema, akavuta kikombe chake, akanywa.

Shangazi aliweka birika chini, akageukia ukuta.

Ng'ombe walihamishiwa kwa jirani, nyumba ikafungwa, Koko akapelekwa Lemara kwa Shangazi, mimi nikapelekwa Mererani kwa wazazi niliokuwa nawajua kwa sauti za simu. Ndiyo safari yangu ya kwanza, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikasema hapa ndipo. Mererani kulikuwa na vumbi jeusi na watu wenye haraka, na hakuna aliyeniita mke mwenzangu. Nilipokuwa nalala nilipapasa pengo langu kwa ulimi. Siku moja nikagusa kitu kikali chembamba, kama ukingo wa kikombe kilichovunjika. Kesho yake kimepanda. Nilijaribu kukisukuma kirudi kwa kidole gumba. Watoto wenzangu walifurahi kuota meno, mimi nilikuwa nayasukuma.

Baba alinipeleka Lemara mvua zilipokwisha. Nyumba ya Shangazi ilikuwa na geti na ua wa saruji, na Koko alikuwa amekaa kwenye baraza dogo upande wa jua. Alikuwa amepungua, sweta lilikuwa limemvaa yeye. Kigoda kilikuwa pembeni yake. Mapajani alikuwa na kile kibuyu chenye kitundu, na mkononi kijiti cha mzeituni, kikavu, hakina moto. Shangazi hakuweza kumwachia moto tena. Alikuwa anakisugua kibuyu kwa ndani, anakizungusha, anakisugua, vizuri kabisa, kama zamani, na hakuna moshi uliotoka. Nilinusa hata hivyo. Palikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia.

Nikamwinamia kama watoto wa kwetu wanavyowaamkia wazee. Mkono wake ukaacha kijiti, ukaja wenyewe, ukatua juu ya kichwa changu.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Nikainua macho, nikautafuta ulimi. Pengo lilikuwa pale pale, na ndani yake kimya.

"Ni mke mwenzio," nilisema.

Nilikuwa na maswali mengi ya kumuuliza siku ile, na yote yalikwisha.

"Basi utakuwa na habari zake," alisema. "Mume wetu yuko wapi?"

"Yuko Kajiado. Bado anabishana bei."

Nikausukuma ulimi, apate kujua, kama atanitazama mdomoni, kwamba si kweli, kwamba ni utani wetu, kwamba ni mimi. Uligonga meno. Nikasukuma tena, na meno yalikuwa mapya, makubwa, yamesimama pamoja, hayana pa kupita.

Koko aliyaamini maneno yangu. Alikivuta kigoda, kile kisichokaliwa na mtu, akakifuta kwa kiganja, akakisogeza mpaka miguuni pangu.

"Basi kaa hapo," alisema. "Tumsubiri."

Nikakaa.